Mashine ya Baba Haiuzwi Tena

S.L.P. 14,
Majimoto, Mpimbwe,
Katavi.

17 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Sista Lucia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo ulipo umeitikia kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni, na masista wenzako wamegeuka kukutazama.

U hali gani, Shangazi? Goti linaendeleaje? Sista Annonciata alipopita hapa akienda likizo kwao Katumba alituambia kwamba unapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta, na tangu siku hiyo Mama kila sala anaweka goti lako. Tuambie ukweli, usitufiche kama ulivyozoea. Barua hii anakuja nayo Sista huyohuyo, maana tukikupigia simu huko Madagaska tunasikia upepo tu, na mara moja tulisikia jogoo.

Sisi huku wazima. Kaka yako, yaani Baba, ana kikohozi chake cha kiangazi, lakini anakula na anagomba kama kawaida, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Mama anaendelea na dawa za presha. Kaka Telesphor na mkewe wamepata mtoto wa kike na wamempa jina lako. Analia mpaka majirani wanajua saa za kunyonya. Nadhani na sauti yako ameichukua.

Haya, sasa kaa kitako Shangazi, maana nisipokwambia sasa hivi nitapasuka kwa furaha. Mashine haiuzwi tena! Mashine ya kukoboa mpunga ya Baba, ile uliyoibariki kwa maji ya baraka siku inafungwa, imebaki kwetu. Na kilichoibakiza huwezi kukiamini, kwa hiyo ngoja nikusimulie taratibu kuanzia mwanzo.

Barua iliyopita Baba alikueleza kwamba amechoka, na kwamba kuna tajiri mmoja wa Sumbawanga anaitaka mashine, naye angempa jibu mavuno yakiisha. Hakukueleza kwa nini amechoka. Unajua Mpimbwe ilivyo: mpunga unaiva kwa wote pamoja, unavunwa na wote pamoja, na wote wanataka kukoboa siku ileile. Kila msimu mikokoteni ilikuwa inapanga foleni kutoka kwetu mpaka karibu na kanisa. Maksai wanashinda na nira shingoni juani. Akina mama wanalaza watoto juu ya magunia. Na kwa kuogopa foleni, watu wanaleta mpunga haujakauka sawasawa. Mpunga wa namna hiyo ukiingia kwenye mashine unavunjika, unatoka chenga tupu, na mwenye mpunga anasema mashine ya mzee imechoka. Mashine mpya zikafunguliwa barabarani, wateja wakaanza kutuhama. Baba alikuwa anakaa pale kwenye benchi lake anawatazama wanavyopita. Mimi nilikuwa naona.

Ndipo Telesphor akaenda semina ya wafanyabiashara pale Mpanda, akarudi macho yanawaka. Neno lake likawa moja tu: akili mnemba. Shangazi, huko kwenu labda mnaiita kwa jina lingine. Ni programu ya kompyuta iliyolishwa maandishi na sauti za watu wengi mno, mpaka yenyewe inaweza kukujibu, kupanga mambo na kubashiri, karibu kama mtu. Telesphor alisema wenye biashara wote duniani wanaikimbilia na sisi tusibaki nyuma.

Basi tukajiunga na programu ya kampuni moja ya mjini. Ilikuwa nzuri kwa macho! Ukiifungua kwenye simu inakuchorea michoro ya rangi, mistari inapanda na kushuka. Tulipoiuliza tufanye nini ili biashara ikue, ikatushauri tufungue tawi karibu na bandari na tuboreshe chumba cha mapumziko cha wateja. Telesphor alimsomea Baba ushauri ule kwa heshima kabisa.

Baba akauliza, "Huyo amewahi kuona mpunga?"

"Baba, hiyo ni mashine, haioni."

"Basi mwambie chumba cha mapumziko tunacho. Ni kile kivuli cha trekta bovu."

Tulicheka mpaka Mama akashika ubavu. Lakini baada ya kucheka ilibaki aibu, hasa kwa Telesphor. Tuliilisha ile programu kila tulichonacho na haikutusaidia hata kupunguza mkokoteni mmoja. Mimi mwenyewe nilishasema moyoni kwamba mambo haya ni ya watu wa Dar, sisi tukoboe mpunga wetu na tukishindwa tuuze.

Aliyetugeuza ni Maiko, yule mtoto wa marehemu mama mdogo, anayekaa Nsemulwa. Alisomea kompyuta, sasa ana kiofisi chake Mpanda anatengeneza programu za maduka na za vikundi vya wafugaji nyuki wa Ugalla. Alikuja Pasaka kula sikukuu na sisi. Telesphor akaanza kumuuliza: hii akili mnemba inaweza hiki? Inaweza kile? Maiko akaweka sahani chini.

"Kaka, usiniulize inaweza nini. Inaweza mambo elfu na yote hayakuhusu. Niambie nyie hapa ni nini kinawauma."

Halafu Mama, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Foleni."

Shangazi, neno lile moja la Mama ndilo lililobadilisha kila kitu. Maiko alikaa na sisi wiki ile nzima. Akatengeneza programu ndogo, bila michoro wala rangi. Mkulima anatuma ujumbe kwenye namba ya mashine, anaweza kuandika au kuongea tu kwa sauti: natoka kijiji fulani, nina magunia kadhaa, nimeanika tangu siku fulani. Programu inasikiliza, inaelewa, inatazama na hali ya hewa, halafu inampangia siku na saa ya kuja. Hakuna kusinzia juu ya magunia. Tulitangaza kanisani, msikitini na mnadani. Watu wakatuma ujumbe kwa wingi mpaka simu ikawa ya moto. Telesphor alikuwa anatembea kama bwana harusi.

Siku ya kwanza ya zamu ilikuwa balaa.

Asubuhi mapema uwanja ulijaa watu ambao kwenye orodha yetu, iliyogawanywa asubuhi na mchana, walipangiwa mchana. Candide, yule binti wa Katumba anayekaa mapokezi, akawaambia kwa upole wasubiri. Wale wa asubuhi hawakuonekana. Mashine inanguruma haina cha kukoboa, na watu wanatutazama. Telesphor alikuwa ameamrisha orodha ifuatwe bila kupindisha, la sivyo watu wataidharau. Mchana ulipofika, wale wa asubuhi ndiyo wakatokea na mikokoteni yao, na orodha ikawa inasema wamechelewa. Sasa uwanjani wako wote pamoja, wa asubuhi na wa mchana, foleni mbili zinagombania mlango mmoja. Ilikuwa mbaya kuliko miaka yote ya nyuma.

Kati yao alikuwepo mzee Ngolo wa Chamalendi. Ni Msukuma, watu wake walikuja zamani na ng'ombe kutoka Shinyanga, na ukoo wake ukivuna ni nusu ya msimu wetu. Candide akamwambia, "Baba, zamu yako imepita."

"Imepita kwenda wapi?" mzee akauliza. "Nimekuja saa niliyoambiwa."

"Orodha inasema umechelewa, Baba."

Hapo akapandisha sauti. Akasema hajawahi kuitwa mwongo na binti, na leo anaitwa mwongo na simu. Wenzake wakadakia. Mimi nikatoka kumtuliza, sikusikika. Na wakati tunagombana hivyo, wingu likaja kutoka upande wa Rukwa, ile mvua ya kuchelewa ambayo hakuna anayeitarajia mwezi wa tano. Ikamwagika. Turubai hazikutosha. Mpunga wa mzee Ngolo ukalowa mbele ya macho yangu, Shangazi, mpunga mkavu aliouanika vizuri kabisa. Akageuza maksai wake, na mikokoteni yote ya Chamalendi ikamfuata, ikapita mbele ya benchi la Baba kwenda kwenye mashine nyingine.

Baba akasimama. Akaniambia, "Mpigie yule wa Sumbawanga aje."

Nililia. Telesphor alijifungia ndani. Nikamwomba Baba kitu kimoja tu, aniachie mpaka mavuno yaishe kama alivyokuwa ameahidi. Akasema, "Neno langu ni neno, nitasubiri mavuno. Lakini kwanza nenda kwa Ngolo ukaombe radhi. Usimtume mtu."

Asubuhi yake nikaenda Chamalendi kwa bodaboda, Telesphor nyuma yangu na nyingine. Tulimkuta mzee anaanika upya mpunga wake uwanjani, na mkewe mama Kija anaugeuza kwa mguu. Nikasalimu, "Mwangaluka." Waliitikia, kwa sababu Msukuma hawezi kuacha salamu hata akiwa na hasira na wewe. Tukapewa viti na maziwa ya mgando. Nikapiga magoti, nikaomba radhi.

Mzee Ngolo akasema, "Mwanangu, mimi kwa mvua sikulaumu. Ninalotaka kujua, nilichelewa vipi? Niliambiwa saa nane. Nilifika saa nane. Mama Kija, leta simu."

Mama Kija akaleta simu. Nikasoma ule ujumbe kwa macho yangu: "Njoo kesho saa 8:00." Nikausoma tena. Halafu nikamgeukia Telesphor.

"Telesphor, hii programu inahesabu saa kama saa ya mkononi!"

Umeelewa Shangazi? Maskini ile programu imesomeshwa na watu ambao nane yao ni saa mbili yetu ya asubuhi. Ilipoandika nane ilimaanisha asubuhi. Mzee akasoma nane, akaja saa nane mchana, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Na wale iliowaandikia mbili, ikimaanisha mchana, walikuja saa mbili asubuhi! Kila mtu alifika kwa wakati wake. Ujanja wote ule, na kitu kinachojulikana na mtoto wa chekechea hakikujulikana.

Telesphor akashika kichwa. Mzee Ngolo alitutazama, akamtazama mkewe, halafu mabega yakaanza kutikisika. Alicheka, Shangazi! Alicheka mpaka akafuta machozi kwa shuka lake.

"Kwa hiyo simu yenu ni mgeni," akasema. "Hajafundishwa nyumba."

Mama Kija yeye hakucheka. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima mpunga pale kijijini, na akisema kitu kinasikika mpaka ng'ambo ya mto. Akaniambia, "Na lingine. Mimi nilipoitumia sauti, sikusalimiwa. Nimesema habari za asubuhi, ikanijibu: taja idadi ya magunia. Ni mtu gani anaongea hivyo? Nikajua hapa hakuna mtu, na kama hakuna mtu, nikipata shida nitamlilia nani?"

Nikamuuliza afanyiwe nini ndiyo arudi. Akafikiri akiendelea kuugeuza mpunga.

"Isalimie. Iseme kwa sauti, tusisome, wengi wetu tunasomewa na watoto. Na kabla sijafunga maksai, binadamu anipigie aniambie: mama Kija, njoo. Nikijua jina lake, nitamwamini yeye, na hiyo simu yenu nitaivumilia."

Tulirudi mbio. Yaani nilikuwa nataka bodaboda ipae. Kwa mara ya kwanza nilikuwa najua kinachotakiwa! Maiko akapanda basi kutoka Mpanda siku ileile. Nilipomweleza habari ya saa alijipiga kofi la paji la uso, akasema kosa ni lake, yeye mwenyewe Mtanzania ameikubali saa ya wageni bila kuiuliza.

Tukaitengeneza upya, na safari hii hatukumwachia yeye peke yake. Sasa programu inasema "saa mbili asubuhi" au "saa nane mchana" kwa maneno, hakuna kubahatisha. Inasalimu kwanza, na ikiulizwa habari za nyumbani inajibu kwa adabu. Ile sauti ya salamu ni ya Mama! Maiko alimrekodi sebuleni akiwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, eti sauti inasikika vizuri ukiwa umependeza. Kwa Kisukuma tulimwomba mama Kija, akakubali baada ya kutusumbua kidogo. Kuna wazee wakishapangiwa zamu wanatuma ujumbe mwingine, "Asante mama Telesphor, usalimie mzee."

Jambo kubwa tulilojifunza ni kwamba ile akili haiachwi kuamua peke yake. Inapanga, halafu kila jioni mimi na Candide tunaipitia orodha. Mahali inapokosea tunaona haraka, kwa mfano iliwahi kumpangia mtu siku ya mazishi ya jirani yake. Ingejuaje? Candide ndiye anayewapigia watu simu, anawaita kwa majina, na sasa kijana mmoja wa Usevya anatuma ujumbe kila siku wakati hana hata gunia. Candide anajifanya haelewi.

Tulikwama tena kidogo, nisikudanganye. Programu iliwauliza watu kama mpunga umekauka, na wao walipogundua kwamba mkavu unapewa zamu ya mapema, mpunga wa Mpimbwe nzima ukakauka siku moja! Telesphor akaamua kusimama mlangoni na kung'ata punje za kila gunia kama Baba alivyomfundisha. Ambaye mpunga wake mbichi anapewa nafasi uwanjani aanike, na zamu yake inasogezwa bila kufokewa. Baada ya wiki watu wakaanza kusema kweli, kwa sababu waliona kusema kweli hakuwapotezei kitu.

Mzee Ngolo alirudi. Hakutuma mtu kuchungulia kwanza, alikuja mwenyewe na mikokoteni yote ya Chamalendi, asubuhi, saa iliyosemwa. Wakamaliza na jua halijawa kali. Maksai walikuwa hawajaanza hata kutoa ulimi. Mama Kija alichota mchele kwenye kiganja, akaupeperusha, akautazama punje kwa punje. Halafu akaupandisha juu wenzake wauone. Mchele mrefu, mweupe, hauna chenga za kukera. Shangazi, wale akina mama walipiga vigelegele pale uwanjani mpaka Baba akanyanyuka kwenye benchi kuja kuona kuna nini.

Kuanzia siku ile foleni ya kufika kanisani imekwisha. Paroko aliniuliza kama tumefunga biashara. Watu wa kijiji kimoja wanapangiwa siku moja, wanakodi trekta pamoja. Akina mama wanarudi nyumbani kupika. Mashine inafanya kazi mfululizo badala ya kuzidiwa leo na kulala kesho, kwa hiyo hata haiharibiki ovyo. Na mfanyabiashara mmoja anayepeleka mchele kwenye hoteli za Mpanda na Kigoma alikuja kuuona, akaomba awe anachukua kwetu msimu mzima. Aliuliza tumenunua mashine gani mpya. Telesphor akamwambia mashine ni ileile ya siku zote, tumebadilisha namna ya kuwaita watu. Jamaa hakuamini, akazunguka nyuma kutazama.

Mavuno yakaisha. Yule tajiri wa Sumbawanga akaja kama alivyoahidiana na Baba. Mama alimpikia kuku. Sote tulikaa kusikiliza, maana Baba hakuwa amemwambia mtu yeyote atajibu nini. Wakala, wakanawa. Mgeni akauliza.

Baba akasema, "Ndugu yangu, ulinikuta nimechoka, na uliniheshimu ukasubiri. Nakushukuru. Lakini uchovu ule umepita, nimebaki nao mdogo wa uzee tu. Mashine haiuzwi."

Mama alijifanya anakusanya sahani, akaenda jikoni, tukamsikia anaimba. Mgeni hakukasirika. Aliomba aonyeshwe hiyo programu, na wakati anaondoka alichukua namba ya Maiko.

Baba hakusema zaidi ya hapo. Hakusema ni nani ataiongoza mashine, na mimi sikuuliza. Telesphor ni mtoto wa kiume na ni mkubwa, na injini zote anazijua kwa mlio. Nikaendelea na kazi zangu.

Sasa sikiliza hili, Shangazi, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Unajua Baba ana kajaruba kake ka mpunga kule bondeni, na hataki kutusikia tukimwambia apumzike. Juma lililopita Candide ananiletea simu, uso umejaa kicheko. Nasikiliza ujumbe wa sauti. Kikohozi kwanza. Halafu: "Shikamoo. Aa, hapana, wewe ni mke wangu. Habari za kwako. Natoka hapahapa Majimoto. Nina magunia machache, nimeanika vizuri. Naomba zamu."

Kaka yako! Yule aliyeuliza kama imewahi kuona mpunga!

Ikampangia Alhamisi, saa tatu asubuhi. Telesphor akasema haiwezekani, mwenye mashine hangoji zamu, tumkobolee leo. Baba akakataa katakata. Alhamisi ikafika, nikamwona anakuja na mkokoteni wa kuazima, amevaa koti lake la Jumapili. Hakwenda kwenye benchi lake. Akasimama nyuma ya mama mmoja wa Mirumba aliyekuwa mbele yake, akasubiri. Watu walitaka kumpisha, akawaambia, "Kaeni. Kila mtu na zamu yake."

Telesphor akang'ata punje zake kama za mtu mwingine yeyote, akasema, "Mkavu, Mzee." Baba akafika kwenye dirisha la mapokezi, akavua kofia.

"Habari za kazi, binti."

"Nzuri, Baba," Candide akajibu.

"Nina shida ndogo. Meneja yupo?"

Candide alibabaika. Akamtazama Telesphor kule mlangoni, na Telesphor, Mungu ambariki kaka yangu, akanyoosha mkono kunionyesha mimi, nilikokuwa nimesimama kwenye pumba na vumbi mpaka kwenye kope.

Nikasogea. "Mimi hapa, Baba."

"Aa," akasema. "Nilitaka tu kukwambia kwamba mnafanya kazi vizuri." Akavaa kofia, akaenda kushika gunia lake.

Shangazi, natakiwa niishie hapa kwa sababu Sista Annonciata anaondoka na gari la asubuhi, na bado sijafunga vifurushi. Mchele huo ni wa Baba, wa zamu yake mwenyewe. Asali imetoka Ugalla, wafugaji nyuki wa Maiko wamekutumia. Migebuka mikavu, wale samaki wa Kapalamsenga, Sista amekataa, anasema ndegeni watamshusha kwa harufu.

Baba anakusalimu sana, na anasema upunguze ngazi. Mama anakusalimu, Telesphor na mkewe na Lucia mdogo wanakusalimu, Maiko na Candide pia. Mzee Ngolo na mama Kija hawakujui, lakini waliposikia nakuandikia wakasema usalimiwe. Nawe utusalimie masista wote wa nyumba yenu, na watuombee msimu ujao mvua itunyeshee kwa wakati wake.

Mungu alinyooshe goti lako, akulinde huko ugenini, na akulete Majimoto siku moja ule wali wetu tukiwa wote hai.

Mimi nikupendaye daima, binti wa kaka yako,

Pudensiana
(Meneja!)